Darasa la mazingira la Jumamosi pale Mwanga, Kigoma: nimemaliza wiki sita, maoni yangu haya hapa

Habari zenu jamani. Tangu niweke picha ya cheti kwenye status kuna watu wameniuliza sana kuhusu hili darasa, wengine wakidhani ni kozi ya bwana afya, wengine wakidhani ni mambo ya kupanda miti tu, kwahiyo badala ya kujibu mmoja mmoja nimeona niandike hapa mara moja. Mimi nauza dagaa pale ufukweni Kibirizi, huu mwaka wa tisa, elimu yangu kidato cha nne, kwahiyo naongea kama mtu aliyekaa kwenye benchi akasikiliza.

Pesa na muda kwanza maana najua ndo swali la kwanza. Ada elfu thelathini kwa Jumamosi sita, saa tatu asubuhi mpaka saa saba mchana, chai na maandazi humo humo, daftari unakuja nalo mwenyewe. Sisi tulikuwa kama ishirini hivi, wavuvi wanne, mama lishe wawili, vijana wa bodaboda, mwalimu wa shule ya msingi, na mzee mmoja anakamua mawese kutoka Mwandiga. Anayefundisha ni mama mmoja mwalimu mstaafu, mpole lakini hakuachii ujibu nusu nusu, ukisema kitu anakuuliza "halafu?" mpaka ufike mwisho wake.

Siku moja kabla ya kuanza tulitumiwa meseji, kila mtu aje na chupa ya lita moja amejaza maji ya pale anapochota au anapofanyia kazi. Mimi nikajaza pale Kibirizi karibu na mfereji unapoingilia ziwani, na usiku wake mvua ilikuwa imenyesha. Mvuvi mmoja kijana akaja na maji aliyoyachota mbali huko anakovua, alfajiri wakati wanarudi na kipe, kile chombo cha kuvulia dagaa. Mama lishe akaleta ya bomba. Mwalimu akabandika karatasi yenye jina na mahali kwenye kila chupa, akazipanga dirishani, akasema hakuna kuzigusa mpaka Jumamosi ya mwisho. Hizo chupa nitazirudia.

Halafu akauliza, nyie wa ufukweni mkifagia zile taka mnapeleka wapi? Nikanyoosha mkono nikajibu vizuri tu, zingine tunachoma, zingine tunasogeza pembeni na mvua ikija inachukua. Akasema, inachukua, halafu? Nikasema inapeleka ziwani. Halafu? Hapo nikakwama, na darasa zima likakaa kimya maana kila mtu alikuwa anafikiria pa kwake.

Yaani mimi miaka yote tisa nilikuwa nahesabu usafi na mazingira ni kitu kimoja. Pale kwangu pakiwa pamefagiliwa mimi najiona mtu wa mazingira kabisa. Mwalimu akatuonesha kwamba kufagia ni kuhamisha, kitu kimetoka mbele ya macho yako lakini kipo, na swali la mazingira linaanzia pale kinapokwenda. Akachora ziwa ubaoni. Ziwa Tanganyika lina urefu wa kilomita kama 670, kina chake panapozidi kabisa ni mita 1,470, duniani linazidiwa kina na Baikal la Urusi peke yake. Maji yanaingia kwa Malagarasi, kwa Ruzizi na vijito vingi vya milimani, lakini mlango wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga upande wa Kongo. Na hata huo Lukuga unatoa kidogo, maji mengi ya ziwa letu yanaondoka kwa kupanda juu kama mvuke. Wanasayansi wanakadiria tone la maji linakaa humo miaka kama 440. Mwalimu akasema, sasa nyie wa dagaa mnajua, ukiinjika sufuria ya maji ya chumvi maji yakakauka chumvi inaenda wapi? Inabaki chini. Basi mvuke haubebi plastiki, haubebi oili ya mashine, haubebi madini ya risasi ya kwenye betri. Hilo la sufuria siwezi kulisahau, nimewaelezea hata watoto nyumbani.

Jumamosi ya pili ilikuwa uendelevu. Hili neno mimi nalisikia redioni kila siku na nilikuwa nalipita tu. Mwalimu akaanza na ile maana maarufu ya mwaka 1987, kwenye ripoti ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norwei, kwamba maendeleo endelevu ni kutimiza mahitaji yetu ya leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kutimiza ya kwao. Tukaandika. Halafu akaiweka kwa lugha ya vikoba na hapo ndo kila mama akaamka, kuna kula faida na kuna kula mtaji. Kikundi kikila faida mwakani kipo, kikila mtaji kinavunjika hata kama siku ya kugawana watu walifurahi. Dagaa wanaozaliana ni faida, dagaa wazazi na wale wachanga ni mtaji.

Akaingia sasa kwenye kidonda, ule mwaka 2024 uvuvi uliposimamishwa ziwa zima upande wetu kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti. Jamani mimi ile miezi mitatu niliumia. Nilikuwa na mkopo, mzigo hakuna, nikauza akiba yangu ya dagaa wakavu mpaka gunia la mwisho, nikahamia kuuza maembe na mihogo. Kwahiyo nilipomsikia mwalimu anaitaja nikajua tutaambiwa tu ilikuwa nzuri tukubali. Hakufanya hivyo. Alituacha tuongee karibu saa nzima. Mvuvi mmoja mzee wa Katonga akasema baada ya kufunguliwa yeye alipata mzigo mzuri, mwingine akasema yeye hakuona tofauti ya maana. Mwalimu akasema uendelevu una miguu mitatu kama mafiga, mazingira, uchumi na jamii, ukiondoa figa moja chungu kinamwagika, kwahiyo kufunga ziwa bila kuwaza mama wa Kibirizi anakula nini ni kuondoa figa, na kuvua mwaka mzima bila kupumzisha ni kuondoa figa lingine. Tena akaongeza kwamba ziwa ni la nchi nne, sisi, Kongo, Burundi na Zambia, na ndo maana kuna mkataba wa pamoja uliosainiwa Dar es Salaam mwaka 2003, maana samaki hana pasipoti, sisi tukipumzisha huku na wenzetu wakivua kule hesabu haikamiliki. Kwa kweli hiyo ndo mara ya kwanza mtu kunieleza lile fungio bila kunikaripia, na peke yake lilitosha ile elfu thelathini.

Uchafuzi wenyewe ulichukua Jumamosi mbili. Kuna uchafuzi wenye chanzo kimoja unachoweza kukinyooshea kidole, bomba la kiwanda, mfereji wa maji machafu. Na kuna ule wa vyanzo vilivyotawanyika, kidogo huku kidogo kule, ambao ndo mgumu zaidi kwa sababu kila mtu anasema mimi mchango wangu ni mdogo. Na kwetu Kigoma mkubwa kabisa wa aina hiyo, mimi nisingeubahatisha hata ningepewa mwaka mzima. Ni udongo. Tope! Mimi nilijua udongo ni udongo tu, utachafuaje maji. Sasa angalia vilima vyetu, vile vinavyoshuka ziwani moja kwa moja, miti ikikatwa kwa mkaa na mashamba ya mihogo yakipandishwa mpaka kileleni, mvua ya Novemba ikija inateremsha ule udongo mwekundu wote. Kule ziwani kuna wale samaki wadogo wa rangi rangi wanaokaa kwenye mawe, wako zaidi ya aina mia mbili na wengi wao huwapati popote duniani zaidi ya ziwa hili. Wengi wanakula ule utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe. Tope likilala juu ya mawe mwanga haufiki, utelezi unakufa, samaki anakosa chakula na pa kutagia. Akatutajia na hifadhi ya Gombe, kwamba Jane Goodall aliyefika pale mwaka 1960 kwa ajili ya sokwe, miaka ya 1990 mwanzoni akapita juu na ndege akaona nje ya hifadhi vilima vimebaki vipara, na ndo taasisi yake ikaanzisha mradi wa TACARE mwaka 1994 kuanzia kwa wanavijiji wenyewe, mashamba yao, maji yao na afya yao, kabla hata ya kuongelea sokwe.

Ule mfereji wangu wa Kibirizi mimi naupita kila asubuhi na ukiwa mwekundu nilikuwa nasema tu mvua imenyesha milimani.

Kuna na habari ya vyoo, hii aliipitia haraka lakini iligusa watu, maana maji ya ziwa yalipopanda ile 2020 na 2021 wote tuliona yalivyoingia sehemu za ufukweni, na choo cha shimo kikifikiwa na maji huhitaji darasa kujua kilichomo kinaenda wapi. Akakumbusha kipindupindu cha Kagunga, kijiji cha ziwani mpakani na Burundi, mwaka 2015 wakati wakimbizi wa Burundi walipojaa kwenye kale kaufukwe bila vyoo vya kutosha na maji yao ya kunywa ni ya ziwa. Uchafuzi sio lazima uwe kemikali ya kiwandani.

Sasa niwaambie Jumamosi ya tano, ambayo kama unaweza kuhudhuria siku moja tu basi hudhuria hiyo. Mada ilikuwa tabianchi. Mwalimu akaja na magilasi mawili makubwa ya kioo, maji ya baridi ya kwenye friji, na chupa ya chai iliyojaa rozela ya moto, haina sukari, nyekundu kabisa. Akajaza gilasi la kwanza nusu kwa maji ya baridi, halafu akamimina ile rozela ya moto taratibu juu ya mgongo wa kijiko. Ikakaa juu! Nyekundu juu, maji meupe chini, mstari kati kati kabisa kama mtu kachora kwa rula. Akampa mama lishe mrija apulize kwa juu kama upepo. Akapuliza, nyekundu ikatikisika huko huko juu, chini hakuna kilichobadilika. Gilasi la pili akatumia maji na rozela iliyopoa, vyote joto sawa, akamimina vile vile na kijiko, yule mama akapuliza kidogo tu likawa jekundu lote.

Akatuacha tuangalie. Halafu akasema hilo la kwanza ni ziwa lenu. Juu kuna maji ya moto mepesi, chini baridi mazito. Oksijeni iko huku juu tu, ukishuka zaidi ya mita kama mia mbili hakuna samaki anayeweza kuishi, ila mbolea ya ziwa ndo imejaa kule chini, maana kila kinachokufa kinazama. Upepo wa kusi wa kiangazi kuanzia Mei mpaka Septemba ndo unasukuma maji ya juu kwenda kaskazini na kuruhusu yale ya chini yapande na mbolea yake, vimea vidogo vya kijani vinaota majini, vidudu vinavila, dagaa wanakula vidudu, migebuka wanakula dagaa, na mimi nafungua genge. Sasa dunia ikipata joto maji ya juu yanazidi kuwa ya moto, ule mstari unakuwa mgumu zaidi, upepo unapuliza kama yule mama na mrija lakini mbolea haipandi. Watafiti walichimba tope la sakafu ya ziwa wakasoma mabaki ya samaki na vile vimea vilivyozama humo miaka na miaka, na mwaka 2016 wakachapisha kwamba samaki walianza kupungua sambamba na joto hata kabla uvuvi wa kibiashara haujashika kasi miaka ya 1950. Yule mzee wa Katonga akauliza, kwahiyo sio sisi? Mwalimu akasema ni vyote viwili mzee wangu, joto limepunguza chakula cha samaki, na sisi tunavua kana kwamba chakula hakijapungua. Mzee akatikisa kichwa akalisogelea lile gilasi akaliangalia kwa karibu muda mrefu sana. Mstari ulikuwa bado upo wakati tunaenda kunywa chai.

Na ule moshi unaopasha dunia joto mwingi wake haukutoka Kigoma wala Tanzania, ulitoka kwenye viwanda na magari ya nchi tajiri kwa zaidi ya miaka mia na hamsini, lakini gilasi linalopata moto ni la kwetu. Hili linaniuma na nashukuru mwalimu alilisema wazi na hakutuachia mzigo wote sisi na majiko yetu ya mkaa.

Mapungufu sasa, maana yapo. Mada ya uchafuzi wa hewa ilikuwa mbovu, alikuja kijana mwingine kuifundisha, slaidi zote za Kiingereza, anasoma kama zilivyo, halafu umeme ukakatika projekta ikazima akawa hana la kusema, wakati kulikuwa na jambo kubwa la kuzungumza, moshi wa mkaa na kuni ndani ya jikoni zetu unaotuumiza sisi na watoto tuliowabeba mgongoni. Notsi za kugawiwa nazo nusu ni Kiingereza, wavuvi wawili walizikunja wakaweka mfukoni na sidhani kama zilifunguliwa tena. Sheria ilipitwa mbio mbio, tukaambiwa kuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kwamba mchafuzi ndo anayetakiwa kulipa gharama, na kwamba ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa haziruhusiwi shughuli za kudumu au za kuhatarisha mazingira, na sisi wa Kibirizi tukatazamana maana maisha yetu yote yako ndani ya hizo mita, tukauliza maswali, muda ukaisha. Hiyo inahitaji Jumamosi nzima peke yake. Na cheti wanatoza elfu tano nyingine ambayo hatukuambiwa mwanzoni, kuna mama mmoja aliondoka bila cheti kwa ajili hiyo na sikupenda kabisa, waiweke kwenye ada tangu siku ya kwanza.

Lingine ni betri. Siku hizi taa za kuvulia dagaa zimeacha kuwa za karabai, ni taa za betri, na betri ikifa inatupwa pale pale mchangani. Ndani kuna risasi na tindikali. Mwalimu alitueleza vizuri jinsi sumu kama hizi zinavyoingia kwa viumbe wadogo, na zipo zinazojilimbikiza kadri mkubwa anavyomla mdogo, mpaka zinafika sahani ya binadamu. Kijana wa kipe akauliza basi tuzipeleke wapi hapa Kigoma? Mwalimu akasema ukweli kwamba hana jibu zuri, kwa sasa tuziweke pamoja mahali pakavu tusizivunje wala kuzimwaga, zikiwa nyingi tutafute mnunuzi anayezichukua zima. Nilimheshimu kwa kutokudanganya, ila hii ndo kazi ambayo darasa lingetakiwa kuifuatilia baada ya kuisha, na mpaka leo sijasikia kitu.

Kwangu mimi kilichobadilika ni hivi. Dagaa wangu wote sasa naanika kwenye chanja, mchangani basi. Taka naweka kwenye viroba viwili, plastiki peke yake. Kuchoma nimeacha. Jirani zangu wawili tumechangishana tumepanda majani ya kushika udongo kwenye ukingo wa ule mfereji pale juu, na tarehe 1 Juni, siku ambayo mifuko ya rambo ilipigwa marufuku mwaka 2019, tunataka kuokota vifungashio vyote kuanzia mfereji mpaka kwenye mitumbwi maana rambo liliondoka ila kile kinailoni laini kimechukua nafasi yake.

Sasa zile chupa. Jumamosi ya mwisho tukazisogelea dirishani. Ya yule kijana mvuvi, maji ya kule katikati, ilikuwa bado nyeupe unaona mpaka upande wa pili. Yangu juu yalikuwa yametulia, lakini chini kulikuwa na tope la kahawia unene wa kidole changu, niliweka kidole nikapima, na juu ya tope utando wa kijani umeanza kupanda kwenye kioo, mwalimu akasema huo umelishwa na sabuni, mbolea na vinyesi vilivyokuja na mfereji, ni habari ile ile inayolisha magugu maji kule Ziwa Victoria. Na katikati ya tope kuna kiuzi cha bluu cha nailoni ya wavu, urefu kama wa njiti ya kiberiti. Lita moja tu, asubuhi moja tu.

Chupa yangu nimeiweka mezani pembeni ya mizani, wateja wanaiuliza sana, wa Kibirizi mnapajua, piteni muione. Darasa la awamu nyingine wanaandikisha hapo hapo Mwanga, nendeni mkaulize wenyewe na muulize kabisa kuhusu hela ya cheti. Ukienda chota maji yako alfajiri kabla watu hawajashuka kufua, uandike mahali ulipochota.